Jibu la chemsha bongo sio 1, ni 4

Ndugu Mhariri,

Mi chemsha bongo yenu siikosi na huwa nakaa kimya hata jibu likitoka na makosa ya uchapaji, ila hii ya juzi imenishinda. Mliuliza 2 kwa kipeo cha 100 ukigawa kwa 12 baki ni ngapi, mkajibu 1 eti kwa kanuni ya Euler, ile inayosema namba ukiipandisha kwa kipeo fulani kisha ukaigawa, baki linakuwa 1. Jamani, namba yenyewe shufwa, 12 nayo shufwa, sasa hilo baki la witiri limetokea wapi?

Kanuni haina kosa, imetumika tangu karne ya 18, kosa ni kuruka sharti lake: namba unayoipandisha na ile unayogawia zisiwe na kigawo cha shirika zaidi ya 1. 5 na 12 hazina shida, ndo maana mabaki ya vipeo vya 5 yanakwenda 5, 1, 5, 1 mpaka uchoke mwenyewe. Lakini 2 ni kigawo cha 12, hapo mambo yanabadilika kabisa. Shika kalamu tu: 2, 4, 8, afu 16 inabakiza 4, 32 inabakiza 8, 64 inabakiza 4 tena. Ile 2 ya mwanzo imepita, hairudi, na 1 haitokei hata ufike kipeo cha milioni. Kipeo kikiwa shufwa baki ni 4, na 100 ni shufwa.

Sababu nayo sio ngumu. 12 ni 4 mara 3. Upande wa 4 unakufa mapema, yaani kuanzia kipeo cha 2 kila kitu kinagawika kwa 4 bila baki, kwa hiyo anayezunguka ni 3 peke yake, mabaki yake 2, 1, 2, 1, na ndo hizo 4 na 8 mnazoziona zikipokezana.

Kuzunguka ni lazima kuzunguke, maana mabaki ya kugawa kwa 12 ni 12 tu, mbele ya safari mojawapo itajirudia na ikishajirudia zinazofuata zinapita njia ile ile, sasa watu wengi (na mi nilikuwa humo zamani) wanadhani mzunguko lazima uanzie namba ya kwanza. Angalieni tarakimu mbili za mwisho za vipeo vya 2, yaani baki ukigawa kwa 100: 02, 04, 08, 16, 32, 64, 28, 56, zinaendelea hivyo mpaka 52 kwenye kipeo cha 21, kisha 4194304, ambayo ni kipeo cha 22, inaturudisha 04. Sio 02. Mzunguko una namba 20 na 02 imeachwa mlangoni.

Naomba toleo lijalo mrekebishe, na mkitaka swali jipya wekeni 6 badala ya 2, baki la kwanza 6, baada ya hapo ni 0 tupu.

Msomaji wenu