Mshumaa wako upo kabatini

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hapa Bagamoyo hatujambo. Shangazi yako mguu bado unamsumbua, ila juzi alijikongoja mwenyewe mpaka sokoni.

Mshumaa wako wa ubatizo nimeuviringishia kile kitambaa cheupe, nikauweka kabatini penye vikombe vya wageni. Ile nta iliyochuruzika usiku wa Pasaka ikakuunguza vidole, nawe ukang'ang'ania kuushika, imeganda ubavuni. Sikuikwangua.

Uliniambia kwenye simu kwamba furaha ya usiku ule imepungua, na tangu urudi chuoni Dodoma umekwenda Misa mara mbili tu kwa kuwa hujuani na mtu. Nilikujibu kwa mkato kwa sababu salio lilikuwa linakata, lakini neno lile limenikaa rohoni.

Mwanangu, mimi nilibatizwa mchanga, nikapokea Komunyo, nikapata Kipaimara, nikaona nimemaliza. Kwa miaka mingi nilikuwa Mkristo wa Krismasi na misiba. Sikurudishwa na mahubiri. Ulikuwa darasa la nne nilipolazwa, utakumbuka. Akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa hapa mtaani, ambao nilikuwa nawakwepa njiani wasije wakaniuliza michango, ndio walioingia jikoni kwetu wakakupikia. Mmoja alifua sare zako kila jioni, akazianika uani, asubuhi akazipiga pasi ya mkaa ili usichelewe shule. Niliporudi nyumbani nikakuta kola ya shati lako nyeupe kuliko nilivyokuwa naifua mimi, nikaketi kitandani nikalia. Hakuna aliyenisemesha habari za kanisani. Jumamosi iliyofuata nilikwenda mwenyewe.

Kwa hiyo usisubiri furaha irudi ndipo uende. Tafuta jumuiya ndogo ndogo ya mtaa unaoishi, ufike na daftari lako, useme jina lako. Wakikupa ufagio, pokea. Usikimbilie uongozi wala kipaza sauti. Hayo yatakuja kwa wakati wake, au yasije. Injili ya siku isome asubuhi kabla hujashika simu. Kuungama usiogope, hata kama utakosea maneno. Padre amesikia mengi.

Na kuna jambo nilitaka kukuambia siku ile tulipopita pale misheni, mvua ikatuwahi. Ule mnara uliouona ndio wa kanisa ambamo mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi Mskoti, ulilazwa Februari 1874. Alifia kijijini kwa chifu Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao, wakauzika moyo wake kulekule, wakaukausha mwili, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi huku pwani. Njiani watu walikataa maiti isipite, wakaufunga kama mtumba wa vitambaa. Miezi tisa, mwanangu! Na aliyekufa hakuwa Mkatoliki, lakini mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, walioanza misheni hii 1868, walimpokea.

Susi wakati huo alikuwa bado Mwislamu. Alibatizwa Unguja mwaka 1886, akaitwa Daudi. Miaka kumi na miwili kabla ya maji kumgusa kichwani, alikwishabeba mzigo wa mwenzake mpaka mwisho. Mimi huwa namfikiria sana huyo. Wewe umeanza na maji. Mzigo wako uko hukohuko Dodoma, labda ni yule mwenzako wa chumbani uliyesema ada imemkwamia.

Usije ukajiona bora kuliko ndugu za baba yako. Mimi na marehemu tulipatana uchague mwenyewe ukikua, na baba yako mdogo ameliheshimu hilo. Jumapili ya Pasaka, yeye na swala zake tano, alileta changu wawili wakubwa akasema ni wa sherehe yako. Mpigie simu umsalimie, na Ramadhani ikifika umtakie mfungo mwema kabla hajakutafuta.

Hela ya nauli nitatuma mwisho wa mwezi. Jumamosi hii jumuiya inasali kwetu, saa kumi na mbili asubuhi. Nitautoa mshumaa wako kabatini niuwashe, nao watakuombea kwa jina lako jipya.

Mimi mama yako.