Milima ya Ngong isifungwe wakati wa masika, iwekewe saa ya kugeuka

Kwa Mhariri,

Naandika kupinga rai kwamba Milima ya Ngong, iliyo nje kidogo ya Nairobi, ifungiwe wakwezi kuanzia Machi hadi Mei, na papo hapo kuwapinga wanaopeleka watu huko katika miezi hiyo kana kwamba tuko Januari. Milima hiyo haihitaji kufuli. Inahitaji saa maalumu iliyobandikwa langoni, ambayo ikifika kila msafara utageuka na kuteremka, hata ikiwa kilele kinachofuata kinaonekana kwa macho.

Asiyewahi kupanda Ngong asubuhi ya Aprili ana haki ya kushangaa kwa nini mtu aende kukanyaga matope kwa hiari yake. Wakati wa kiangazi mgongo wa milima huwa na nyasi zilizokauka na vumbi linaloficha kila kitu. Mvua ikishanyesha wiki mbili hivi, nyasi hurudi kuwa kijani, maua ya porini hutokeza kando ya njia, na hewa husafika kiasi kwamba kukipambazuka vizuri mtu huweza kuona Mlima Kenya upande wa kaskazini na Kilimanjaro upande wa kusini, huku jiji likiwa limetandazwa mashariki na Bonde la Ufa likiporomoka ghafla magharibi. Tena ni milima ya mwananchi wa kawaida: anapanda matatu ya namba 111 mjini, anashuka Ngong, anachukua bodaboda hadi langoni, anapanda, na jioni yuko kwake. Tangu mwaka wa 2020, tulipozuiwa kukutana ndani ya kumbi, vijana wengi wa Nairobi wamegundua starehe hii, nami sioni sababu ya kuwanyima miezi ambayo milima ina sura nzuri zaidi. Lango likifungwa, baadhi yao watapenya kwa njia za wachungaji, mahali ambapo hakuna askari wa misitu anayejua wako wapi.

Hoja ya wanaotaka kufunga ingekuwa na uzito kama mvua ya masika ingenyesha kutwa nzima. Kwa kawaida haifanyi hivyo. Katika nyanda hizi za juu, jua la asubuhi hupasha ardhi joto, hewa yenye unyevu iliyoletwa na upepo kutoka Bahari ya Hindi hupanda, mawingu hujikusanya kadiri mchana unavyosonga, na mvua kubwa pamoja na ngurumo huanguka alasiri au usiku. Kwa hiyo asubuhi nyingi za masika ni za mkwezi, na hatari hukaribia kwa saa zinazoweza kukadiriwa.

Tatizo ni kwamba misafara yetu haifuati saa hizo. Tangazo husema gari litaondoka katikati ya jiji saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lakini gari husubiri wachelewaji hadi saa mbili, kisha husimama kwenye kituo cha mafuta watu wanunue chai na chapati. Langoni kuna malipo, halafu mazoezi ya kunyoosha viungo ambayo siku hizi yana muziki na mpiga picha. Saa nne inafika kabla ya mtu yeyote kupita mitambo ya kufua umeme kwa upepo iliyo mwanzoni mwa njia. Mbele yao kuna zaidi ya kilomita kumi za kupanda na kushuka vilele mfululizo, cha juu kabisa kikiwa na mita 2,460, na watu arobaini huenda kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote. Saa tisa alasiri, wingu linapokuwa limeshatua, bado wako juu.

Kwa nini kiongozi asigeuke? Nimekwea na vikundi kadhaa, na jibu nililoliona si ujinga wala ushupavu. Dereva alishaondoka langoni, akazunguka kwa barabara na kwenda kusubiri Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi, mwisho wa pili wa safari. Kurudi nyuma maana yake ni kumpigia dereva azunguke tena, kulipa mafuta ya ziada, na kuwakabili wateja waliolipia safari nzima na wanaotaka picha ya mwisho. Hivyo gari, ambalo lilipaswa kuwatumikia wakwezi, ndilo linalowasukuma mbele chini ya ngurumo. Masika yaliyopita nilisikia kiongozi wa kikundi kimoja akiwaambia watu wake kwamba mvua ile ilikuwa ya Kiserian, mji ulio chini ya milima, na haingewafikia. Iliwafikia.

Ieleweke kwamba mgongo wa Ngong sehemu kubwa ni nyasi tupu, na hapo mtu aliyesimama ndiye kitu kirefu kilicho karibu. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Ukiona umeme ukahesabu hadi ngurumo bila kufika sekunde thelathini, radi iko ndani ya kilomita kumi na huna tena muda wa kujadiliana. Unapaswa kuteremka kutoka kwenye mgongo, kwa upande ulio na mteremko wa wastani, watu wakiwa wameachana, mbali na uzio wa waya na mbali na mti uliosimama peke yake. Nimeona wakwezi wakikimbilia mti wa namna hiyo wote kwa pamoja, jambo ambalo ni baya kuliko kulowa.

Matope yana balaa yake, na balaa hiyo huwa kubwa zaidi wakati wa kurudi. Waliosema kupanda mchongoma kushuka ndio ngoma walijua. Mtu aliyevaa raba za kukimbilia barabarani huteleza na kuteguka kifundo, na kumbeba majeruhi kwenye njia yenye utelezi huchukua saa nyingi, wakati giza huingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu. Niongeze, kwa kuwa ni nadra kusemwa, kwamba anayekwepa tope kwa kutembea kwenye nyasi za kando huua nyasi hizo, njia hupanuka, na mvua ifuatayo hugeuza upana huo kuwa mfereji. Mwenye viatu vinavyofaa apite katikati ya tope.

Hatukosi mfano wa gharama ya kuchelewa kuchukua hatua. Aprili 2012, vijana saba wa kikundi cha kanisa walisombwa na mafuriko ya ghafla kwenye korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha. Septemba 2019, mwezi ambao hata si wa masika, watu saba wengine walikufa katika korongo hilohilo, kisha likafungwa. Ngong si korongo, na hatari yake ni ya aina nyingine, ila katika matukio yote mawili kilichokosekana kilikuwa mtu wa kusema mapema kwamba leo tunaishia hapa.

Naliomba Shirika la Huduma za Misitu, KFS, lifanye mambo machache kabla ya mvua kuanza. Katika miezi ya masika, kikundi kinachokusudia kufika Kona Baridi kisiruhusiwe kupita lango baada ya saa mbili asubuhi. Atakayechelewa apande hadi vilele vya mwanzo na kurudi. Saa sita mchana iwe saa ya kugeuka kwa yeyote ambaye hajavuka nusu ya njia, na gari la kila kikundi lisalie langoni hadi saa hiyo, ndipo kiongozi apige simu na kusema liende wapi. Kwa agizo hilo moja, sababu kubwa ya kusonga mbele kwa lazima itakuwa imeondoka. Utabiri wa siku hiyo kutoka Idara ya Hali ya Hewa ubandikwe mahali pa kulipia, pamoja na namba za dharura 999 na 112, na ile ya Msalaba Mwekundu, 1199. Kiongozi aache langoni orodha ya watu wake na aisaini anaporudi.

Waandaaji watalalamika kwamba wateja watadai kurudishiwa pesa. Basi sharti la kugeuka liandikwe kwenye tangazo la safari, karibu na bei, ili anayelipa ajue kwamba analipia asubuhi ya kukwea na wala hakuahidiwa Kona Baridi. Asiyeridhika na sharti hilo anaweza kungoja hadi Juni.

Mkwezi wa milima,
Lang'ata, Nairobi