Barua kwa mwanangu: vitabu vya kuwatilia watoto mzigoni

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Malindi ni wazima, alhamdulillahi, na kifua cha babako kimetulia. Nimesikia viza zimetoka na tiketi mmeshakata. Nimefurahi, lakini usingizi umenipaa. Umeniuliza vitabu gani uwatilie watoto mzigoni. Umefanya vyema kuniuliza. Miaka yote niliyosomesha, swali hili ndilo nililokuwa nikilingoja kwa wazazi.

Kwanza linalonitia hofu. Mlipokuja likizo, mkubwa alikaa barazani akamaliza kitabu kizima kabla ya adhuhuri. Moyo wangu ukajaa. Nikamwuliza, "Haya, ikawaje?" Akafungua kinywa, akafumba, akakugeukia wewe. Nawe ukanijibu badala yake, wala hukushtuka. Mtoto wa miaka tisa, damu yangu, ahitaji mkalimani kuzungumza na bibi yake! Na hapo mko Nairobi. Huko Uingereza itakuwaje?

Kwa mdogo, anza na Owen & Mzee. Ni cha Kiingereza, kilitoka 2006, na picha zake ni za kamera, lakini kisa ni chetu. Yule kiboko mchanga aliyekwama baharini hapa kwetu Desemba 2004, tsunami ilipopiga, akapelekwa Haller Park kule Bamburi, akamganda kobe mzee aliyekisiwa kuwa na miaka 130. Sina haja ya kukueleza, unayakumbuka mwenyewe. Ndiyo maana nataka wewe ndiye umsimulie. Fungua pale kiboko alipolala ubavuni mwa kobe, mwache mtoto aitazame picha mpaka atosheke, kisha mwambie watu wa Malindi walikuwa wakisema nini siku ile. Kitabu hakina hayo. Unayo wewe.

Na hivi ndivyo vitabu vya picha vyote visomwavyo. Usihangaike kwamba maneno ni ya Kiingereza. Picha haina lugha. Lugha ataipata kinywani mwako. Handa's Surprise cha Eileen Browne kinapatikana kwa Kiswahili na Kiingereza pamoja, kitafute hicho. Handa amebeba kichwani kikapu cha matunda saba, na njia nzima wanyama wanamdokolea moja moja, naye hana habari. Maandishi hayasemi kwamba tumbili amechukua ndizi. Ni mtoto anayemwona. Atapiga kelele, "Handa, tazama nyuma!" Mwache apige, bora apige kwa Kiswahili. Kipya zaidi ni Catch That Chicken! cha Atinuke wa Nigeria, cha 2020, cha msichana hodari wa kukimbiza kuku mpaka anapoumia mguu, ikabidi atumie akili. Yule mtoto wako mdogo atakipenda, naye ni mkimbiaji.

Mkubwa ameshaiva, mpe safari na hatari. Ndoto ya Amerika cha marehemu Ken Walibora hakikosi: Isaya na Madoa, wavulana wawili walioshikwa na hamu ya kwenda Amerika. Mtoto anayehama kwao anafaa kukisoma kabla hajapanda ndege. Hadithi ndefu za kule atazipata kwenye maktaba zao. Aulizie Impossible Creatures cha Katherine Rundell, cha 2023, kuhusu visiwa vilivyofichika ambamo viumbe wa hekaya wangali hai. Simkatazi, asome sana. Sharti ni moja: kila Ijumaa anipigie simu anisimulie alipofika, kwa Kiswahili, nawe usimsaidie. Akikwama, mwache akwame, mimi nina subira.

Adili na Nduguze usimpe mkononi, Kiswahili cha Shaaban Robert kitamlemea. Msomee wewe. Mtu anayewachapa manyani wawili kila usiku, na mfalme anataka kujua sababu: mtoto gani atalala kabla hajajua?

Najua utaniambia umechoka ukitoka kazini, na hadithi za Kiswahili zimejaa kwenye simu. Ndiyo, African Storybook wanazitoa bure, tena nyingine nzuri sana, zichukue. Lakini kaa naye mziangalie pamoja. Ukimwachia simu akaenda nayo chumbani, hakuna wa kumwuliza "ikawaje?" Wewe ulikuwa wa kwanza darasani kwa insha miaka minne mfululizo, na mpaka leo watu hapa wananitajia. Sasa sauti hiyo unamwekea nani? Robo saa tu baada ya isha, mwanangu. Mumeo naye asome, Kiswahili chake cha bara hakina kasoro.

Kuhusu mzigo, nimeona orodha yako. Sufuria tatu za nini? Sufuria ziko kila nchi. Toa mbili, utie vitabu, uvilaze chini kabisa visikunjike. Mbuzi ya kukunia nazi chukua. Achari ya maembe nimeshaitia kwenye chupa ya plastiki, nitampa nduguyo akija huko Jumatano.

Makuti ya jikoni yanavuja, fundi anataka nusu ya fedha kabla hajaanza. Zungumza na kakako muone mtachangiaje. Na ule ufunguo wa kabati la vyombo uliondoka nao Idi. Mpe nduguyo anirudishie, maana wageni wa arusi ya jirani watafikia kwetu nami sina sahani.

Mamako