Asante kwako uliyeniokolea matumbawe

Ndugu yangu, jina lako sikuliuliza, ndiyo maana nakushukuru hadharani. Ulinikuta nimeshika filta kubwa ya kopo ya kusafishia tangi langu la maji ya chumvi, la samaki na matumbawe, nikiamini ukubwa ndio nguvu. Ukaniuliza swali moja tu: "Sifongo yake utaiosha kila baada ya siku ngapi?" Nikakosa jibu.

Ukanieleza bila haraka kwamba uchafu ulionaswa kwenye sifongo bado umo majini. Unaoza humo humo na nitrati, kemikali inayotokana na uozo huo, inapanda. Ukanielekeza kwenye skima ya protini. Inapuliza viputo vidogo sana kwenye maji ya chumvi, uchafu unanata kwenye viputo hivyo na kupanda na povu hadi kikombeni kabla haujaoza. Amonia, ile sumu ya kinyesi cha samaki na uchafu unaooza, igeuke nitriti, kisha nitrati? Hiyo ukasema niwaachie bakteria wa kwenye mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye viumbe hai, wiki kadhaa zipite, samaki wasubiri.

Jana nimemwaga kikombe cha skima: maji ya kahawia iliyokolea, harufu yake haielezeki! Yote hayo yangebaki tangini. Na matumbawe, ndugu yangu, yamekunjua minyiri yote. Asante sana, Mungu akuzidishie.