Safari ya bustani za Uingereza isiiache Newstead

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niongeze neno kuhusu makala mliyochapa majuzi juu ya Watanzania wanaokodi gari na kuizunguka Uingereza kutazama makasri na bustani zake. Mwandishi aliwaelekeza wasomaji kwenye mawe ya kale ya Stonehenge, bustani ya Stourhead na jumba la Blenheim, na sina ugomvi naye, kwani nami nilipokwenda kumtembelea binti yangu mwezi Juni mwaka jana nilianzia huko huko, nikalistaajabia ziwa la Stourhead ambalo mtu angeapa limekuwapo tangu dunia iumbwe, kumbe lilitengenezwa na binadamu katika karne ya 18 kwa kuziba kijito. Lakini makala nzima haikutaja jumba la Newstead Abbey, kaskazini mwa Nottingham, mahali ambapo historia yao na yetu zimekutana uso kwa uso.

Kufika huko si kazi, maana nao huendesha kushoto kama sisi, na barabara kuu ya M1 hupita jirani. Kinachotisha ni njia za vijijini, nyembamba kama vichochoro vya Mji Mkongwe na zilizobanwa na michongoma pande zote mbili, ambamo ukikutana na trekta lazima mmoja arudi nyuma. Aliyerudi nyuma ni mimi.

Newstead ilianza kuwa nyumba ya watawa katika karne ya 12, baadaye ikawa ya ukoo wa Byron, mpaka mshairi wa ukoo huo, Lord Byron, alipoiuza mwaka 1817. Mwaka 1861 ilinunuliwa na William Frederick Webb, aliyefahamiana na David Livingstone tangu siku za kuwinda kusini mwa Afrika, na ndiyo sababu Livingstone alikaa hapo kati ya mwaka 1864 na 1865 akiandika habari za safari yake ya mto Zambezi. Sisi wa Bagamoyo tunaujua mwisho wa habari hiyo: alifia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873, wenzake wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miezi mingi hadi pwani, ukalala katika misheni yetu Februari 1874. Wachache wanajua kwamba wawili wa wabebaji hao, Abdullah Susi na James Chuma, walipelekwa Uingereza mwaka huo huo, wakakaribishwa Newstead, na wakamsaidia Horace Waller, rafiki wa Livingstone, kuzitayarisha shajara za mwisho za marehemu, kwa kuieleza njia waliyopita.

Bustani yenyewe inastahili nusu siku: maziwa, waridi, na bustani ya Kijapani yenye mawe ya kuvukia maji. Humo limo pia kaburi la mbwa wa Byron, Boatswain, aliyekufa mwaka 1808, lenye mnara na shairi lililochongwa kwenye jiwe. Nilisimama mbele yake nikatikisa kichwa, nikiwafikiria wapagazi wa misafara waliozikwa kandokando ya njia bila hata kijiti cha kuwatambulisha.

Mwenye siku ya ziada aendelee kaskazini hadi Harewood, karibu na Leeds, nyumba iliyoanza kujengwa mwaka 1759 kwa fedha ambazo ukoo wa Lascelles ulizichuma kwenye sukari na biashara ya watumwa katika visiwa vya Karibi. Ukiyatazama majani yale yaliyokatwa sawasawa hadi ukingoni mwa maji, ni haki yako kuuliza nani alilipa, na mwongozaji asikuone mkorofi.

Safari ikamilikie London, katika kanisa la Westminster Abbey, ambako Livingstone alizikwa tarehe 18 Aprili 1874. Jiwe lake linasema aliletwa na mikono aminifu kupitia nchi kavu na bahari. Kijiji cha Chitambo kimetajwa juu yake. Susi na Chuma hawakutajwa.

Kwa hiyo naomba, Ndugu Mhariri, mkiirudia makala hiyo msimu ujao wa likizo, Newstead iwekwe katika ratiba, na pamoja nayo mchape ile picha ya mwaka 1874 iliyopigwa hapo, ambamo Susi na Chuma wanaonekana pamoja na Waller.

Wako mtiifu,
Msomaji wa siku nyingi,
Bagamoyo