Kesi iliyomtangulia Socrates

Sahibu yangu Rashidi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na wazee wanakusalimu. Barua yako nimeisoma kwa furaha, isipokuwa pale uliposema Wagiriki walianza kuijadili haki siku mwanafalsafa Socrates alipoanza kuwahoji watu wa Athens. Hapana, ndugu yangu. Socrates aliikuta kesi hiyo ina zaidi ya miaka 200.

Msome kwanza Hesiod, mkulima na mshairi wa Boeotia, huko Ugiriki, karibu mwaka 700 KK. Aligombana na nduguye Perses juu ya urithi, na wakubwa waliokuwa wakiamua mashauri anawaita wala rushwa bila kuuma maneno. Anasimulia mwewe aliyembana ndege mwimbaji kuchani, akimwambia ukelele wake ni bure kwa kuwa ameshikwa na mwenye nguvu. Kisha anamgeukia nduguye: samaki, wanyama na ndege hulana kwa sababu hawana haki, lakini binadamu wamepewa haki na Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki.

Katika karne ya 6 KK akaja mwanafalsafa Anaximander wa Miletus, mji wa pwani ya Uturuki ya leo. Maneno yake yaliyobaki ni machache mno, lakini mimi yananikosesha usingizi. Anasema vitu hulipana fidia kwa dhuluma vilivyotendeana, kwa utaratibu wa wakati. Wengi huyaelewa hivi: joto la kiangazi huipora baridi nafasi yake, na majira yakigeuka, joto hulipa. Ugomvi wa Hesiod na nduguye sasa umekuwa sheria ya ulimwengu mzima! Hata jua, atasema mwanafalsafa Heraclitus baadaye, halivuki mipaka yake, maana wasaidizi wa Haki watalikamata. (Huyo huyo anasema pia kwamba mapambano ndiyo haki. Hapo mimi simfuati.)

Ila anayenigusa kuliko wote ni Solon, aliyepewa uongozi wa Athens mwaka 594 KK. Wakati huo maskini walikuwa wakikopa kwa kuweka rehani miili yao, na wakishindwa kulipa wanauzwa. Solon alifuta madeni na kupiga marufuku rehani ya namna hiyo. Katika shairi lake anaiita Ardhi nyeusi ije kumtolea ushahidi mbele ya mahakama ya Wakati, kwa kuwa aling'oa alama zilizokuwa zimesimikwa juu yake kila mahali, ambazo wengi huzielewa kuwa alama za madeni. Anasema pia aliwarudisha watu waliouzwa ugenini, wengine wakiwa wamekwisha kuisahau lugha ya kwao kwa kutangatanga.

Hapo ndipo ninapomwona Anaximander hatoshi. Kiangazi na baridi hukutana kila mwaka, vikalipana. Mtu aliyeuzwa mpaka akapoteza lugha yake, wakati peke yake utamlipa nini? Solon naye aliuamini wakati, lakini kwanza aling'oa zile alama kwa mkono wake.

Wewe unawaonaje hao wawili? Niandikie kabla ya mwezi kuisha.

Wako,
Hamisi