Mwacheni mtoto aitazame picha kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumze na walimu wanaowapeleka wanafunzi kutazama kazi za wachoraji wetu.

Hivi karibuni mjukuu wangu wa miaka tisa alikwenda na wenzake kuona picha za Tingatinga, mtindo wa uchoraji wenye jina la mwanzilishi wake, hapa Dar es Salaam, akarudi na karatasi ya maswali iliyokwisha kusahihishwa. Swali mojawapo liliuliza ndege mwenye shingo ndefu anawakilisha nini. Yeye alijibu kwamba ndege huyo amegeuza kichwa kwa sababu mama yake amemwita. Jibu hilo lilikosolewa kwa wino mwekundu, na pembeni pakaandikwa neno moja: uhuru. Tangu hapo mtoto ananiuliza alikosea wapi, nami sina la kumwambia, kwa sababu sioni kosa lake.

Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao, akiuza picha zake Oysterbay hadi alipofariki mwaka 1972. Mpita njia aliyesimama kuzitazama alikuwa na macho yake tu, na aliyependa alinunua.

Sisemi kwamba maelezo hayana kazi. Nilipofahamu habari ya rangi za baiskeli, nilirudi kwenye picha ya chui iliyo sebuleni kwangu, nikapitisha kidole juu ya madoa yake na kuhisi jinsi kila doa lilivyotuna, nikaipenda zaidi. Maelezo ya namna hiyo humrudisha mtu kwenye picha, ilhali jibu moja la kukariri humwondoa. Chui huyo huyo, enzi za uhai wa mume wangu, nilimwona anavizia. Siku hizi namwona amekaa macho akinilindia nyumba, na wala hakuna aliyeongeza tone la rangi.

Ombi langu ni dogo. Wanafunzi wapewe walau robo saa ya kutazama na kusimuliana wanachokiona kabla ya karatasi kugawiwa, na swali la maana ya picha lisitolewe alama.

Mjukuu wangu ameomba turudi kumwona yule ndege. Tutakwenda Jumamosi, na safari hii hatabeba kalamu.

Bibi, msomaji wako,
Kinondoni, Dar es Salaam